Jina Linalofuata

Katika ukoo wa mume wangu kila mtu ana haki ya kumpa mtoto jina, isipokuwa yule aliyemzaa. Aliyemzaa kazi yake ni kulala, kunywa chai ya moto na kushukuru. Mimi chai nilikunywa, kushukuru nilijaribu, lakini kulala kulinishinda, maana mtoto alikuwa na siku sita tu duniani na tayari alikuwa na kamati.

Kwa wakati huo tulikuwa tunamwita Mgeni. Karatasi niliyopewa na nesi siku ya kutoka wodini ilikuwa kabatini, chini ya mashuka, nafasi ya jina ikiwa tupu. Nesi alisema ipelekwe ofisi ya usajili kabla mtoto hajatimiza mwezi. Alisema pia tusichelewe kwa sababu ya ubishi, akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye ukoo.

Sasa lazima nieleze majina ya nyumba hii, la sivyo utadhani tulikuwa tunagombana kwa kukosa kazi. Mume wangu ni mpima mvua. Ndiyo, kuna watu wameajiriwa kwa hilo. Nyuma ya ofisi ya kilimo kuna kiwanja kidogo kilichozungushiwa waya, na ndani yake kuna kopo refu la bati lililosimikwa ardhini, na kisanduku cheupe chenye miguu mirefu ambamo vipimajoto vinakaa kivulini kama mabosi. Kila siku saa tatu kamili asubuhi, Jumatatu mpaka Jumapili, anafungua geti, anamimina kilichomo kwenye kopo ndani ya gilasi yenye mistari, anainama mpaka jicho lilingane na maji, halafu anaandika. Mtaani wanamwita Bwana Mvua. Ikinyesha juu ya nguo walizoanika, wanamlaumu yeye. Isiponyesha juu ya mahindi yao, wanamlaumu yeye tena. Naye humjibu kila mtu neno moja: "Tutaona." Ni mtu wa maneno machache, na alipooa akayapunguza.

Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alizaliwa mvua ikiwa inanyesha siku ya nne mfululizo. Baba yake akamwita Masika. Nikasema sawa, jina zuri, lina maji ndani yake. Miaka mitatu baadaye akaja mvulana, kwenye joto la kupindisha mishumaa kabatini. Nikamuuliza baba yake, huyu tumwite nani? Akanitazama kama vile nimemuuliza baada ya Jumatatu inakuja siku gani.

"Kipupwe," akasema.

"Baba Masika, mtoto amezaliwa na vipele vya joto shingoni. Hicho kipupwe kiko wapi?"

"Baada ya masika huja kipupwe."

Basi, kwisha. Siku hiyo ndipo nilipotambua kwamba mimi sikuolewa na mwanamume, niliolewa na kalenda. Mvulana mwenyewe tulimfupisha tukamwita Kipu, na mpaka leo akilala usiku anajifunua shuka lote kwa joto.

Halafu akaja wa tatu, naye msichana. Huyu nitamsema haraka, kwa sababu kumsema polepole siwezi. Alikuja kabla ya wakati wake, tukamwita Vuli, akaishi siku tisa. Karatasi yake ilikuwa bado kwenye mkoba wangu, haijajazwa. Ofisi ya usajili hawakumjua alipokuja na hawakujua alipoondoka, kwa hiyo kwa hesabu zao sikuzaa. Hesabu za ukoo nazo zilikuwa zilezile. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakarudi makwao, na jina lile halikutamkwa tena. Mama mkwe wangu alisema hiyo ndiyo dawa: funika kombe mwanaharamu apite. Nikafunika. Miaka minne nilikaa nimefunika, na sikumwona mwanaharamu yeyote akipita.

Tena kuna jambo jingine. Alifariki alfajiri, wodini. Mume wangu alikaa nami kwenye benchi mpaka jua likapanda ukutani. Kisha akatazama saa yake, akanyanyuka, akaniacha na mama yake, akaenda kupima mvua. Nataka ulikumbuke hilo, maana mimi sikulisahau hata siku moja.

Kwa hiyo Mgeni alipozaliwa nilikuwa na jambo moja tu moyoni: mtoto aitwe vyovyote watakavyo, ila jina la dada yake lisichukuliwe. Yule hakuwa na kitu kingine. Nguo zake tatu ziligawiwa. Picha hana, karatasi hana. Ana jina tu, na hilo nilikusudia kulilinda kwa meno.

Kamati ilikutana siku ya saba, sebuleni kwangu. Mwenyekiti alikuwa mama mkwe, kwenye kochi refu, peke yake, kama inavyostahili cheo. Kulia kwake alikaa wifi yangu, fundi cherehani, mwanamke mwenye maoni marefu kuliko futi yake ya kupimia. Mume wangu alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, anatazama mawingu. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na mtoto, upande wa wasikilizaji.

"Wifi, fumba macho," wifi akasema.

Nikafumba. Matatizo yangu mengi maishani yalianza na mtu aliyeniambia nifumbe macho. Nilipofumbua nikakuta blanketi la manjano magotini pangu, jipya, pindo limenyooka, na katikati limetariziwa kwa uzi wa kijani jina moja kwa herufi kubwa: VULI.

Nikalisoma. Nikalisoma mara ya pili, huenda herufi zingeona aibu zikajipanga upya.

"Masika, Kipupwe, Vuli," mama mkwe akahesabu, akaninyanyulia vidole vitatu. "Yanafuatana vizuri. Kwa nini tukatafute la mbali? Jina lipo, zuri, na halina mwenyewe."

"Halina mwenyewe?"

"Mwanangu." Sauti yake ilikuwa laini, na ulaini huo ndio ulionichoma zaidi. "Yule alikuwa mpita njia. Huyu amekuja kukaa. Una watoto wawili, huyu ni wa tatu."

"Wa nne," sauti ikasema mlangoni. Alikuwa Masika, miaka kumi na mmoja, mikononi ana sinia la vikombe.

"Peleka vikombe jikoni," shangazi yake akamwambia.

"Ndiyo kwanza navileta, shangazi."

"Basi virudishe."

Vikombe vikarudi jikoni bila mtu kuonja. Hivyo ndivyo hesabu zinavyosahihishwa katika ukoo huu.

Nikajaribu njia ya amani. Nikasema mtoto anaweza kuitwa Rehema. Wifi akakunja uso.

"Masika, Kipupwe, Rehema? Wifi, hiyo ni sawa na watoto watatu wanakwenda shule, wawili wamevaa sare, mmoja kavaa gauni la harusi."

"Zawadi je?"

"Zawadi ni mbwa wa jirani yangu. Na anauma."

"Asubuhi?"

"Asubuhi si majira," mama mkwe akasema. "Asubuhi ni saa. Tunataka linaloendana na ndugu zake, hatutaki jina la kuokota njiani."

Kipu, ambaye alikuwa amejibanza nyuma ya pazia akidhani haonekani, akatoa kichwa. "Si kuna Kiangazi? Sisi tumefundishwa shuleni. Masika, kipupwe, vuli, kiangazi."

Sebule ikaangua kicheko. Wifi alijipiga mapaja. "Kiangazi! Mtoto wa kike! Nani atakuja kuposa ukame, wifi? Wakwe wataleta barua au wataleta ndoo za maji?"

"Ukimwita mara mbili bustani inakauka," mama mkwe akasema, akifuta machozi.

Nami nilicheka, nikiri tu. Ni jina kavu. Lina vumbi. Kipu akarudi nyuma ya pazia, na hapo wazo lake likafa, au tulidhani limekufa.

Nikamgeukia mume wangu. Mtu ana mume kwa siku kama zile. "Baba Masika, hebu sema."

Akatoa macho dirishani, akatutazama mmoja mmoja, akamtazama mtoto, akarudisha macho kwenye mawingu yake. "Tutaona," akasema.

Mama mkwe alielewa kwamba amekubali. Wifi alielewa kwamba amekubali. Mimi pia nilielewa hivyohivyo, na hapo ndipo nilipokasirika kweli. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakuwahi kukaa na mume wangu. Kimya chake kilikuwa kinaleta mawingu tu, tone hakuna.

Ikapangwa kwamba Jumatatu ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, tutakutana wote ofisi ya usajili. Wifi akalikunja blanketi kwa uangalifu, akaliweka juu ya kabati langu, jina likiwa juu ili lisomeke kutoka kitandani.

Siku zilizofuata nilirudi saluni. Mimi ni msusi, na saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwa hiyo uzazi wangu ulikuwa na likizo ya kutembea hatua nane. Wateja nao walikuwa na maoni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, wanasema. Miaka kumi na mitano nimeshika nywele za watu, na naweza kukuhakikishia kuna vichwa ambavyo zote mbili, akili na nywele, zimekatika.

"Lakini kurithisha jina la marehemu ni jambo jema," mmoja aliniambia, kichwa chake nimekibana katikati ya magoti. "Mimi mwenyewe nina jina la bibi yangu."

"Bibi yako aliishi miaka mingapi?"

"Themanini na kitu."

"Basi alilitumia akashiba, akakuachia. Wangu alilitumia siku tisa. Bado jipya."

Mteja akajishika kichwa. Nadhani nilivuta unywele kwa nguvu kidogo.

Jumatatu ikafika. Niliamka nimeamua. Nitakwenda kwa mume wangu kazini, kabla hatujakutana na wale wengine, nimwambie wazi: ukiruhusu jina lile liandikwe, mimi na wanangu tunarudi kwa mama yangu, na wewe baki na kopo lako. Nikamvalisha Mgeni, nikamfunga mgongoni, nikatoka.

Kituo chake cha mvua sikuwahi kukikanyaga tangu siku ile ya benchi. Kabla ya hapo nilikuwa napita mara mojamoja kumpelekea mwavuli, kwa sababu mpima mvua, usishangae, husahau mwavuli. Baada ya hapo nikawa nazunguka njia ya sokoni, hata kama ni ndefu, ili nisilione lile geti.

Nilimkuta ndani ya waya, saa mkononi, anasubiri dakika mbili zitimie. Hakuniuliza nimefuata nini. Ilipogonga saa tatu akatoa chombo kwenye kopo, akakiinamisha juu ya gilasi. Hakikutoka kitu. Hata hivyo aliinama mpaka jicho lilingane na mstari wa chini, akatazama ule utupu kwa heshima zote, akaingia kwenye kiofisi chake, akafungua daftari kubwa lenye jalada gumu, akaandika sifuri, nukta, sifuri.

"Umetembea nusu saa kuja kuandika kwamba hakuna kitu?" nikamwambia. Nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia.

"Siku isiyo na mvua nayo ni siku," akasema. "Ukiiacha wazi, atakayesoma atadhani hukuja."

Hapo nikapasuka. "Siku aliyokufa mwanangu ulikuja hapa! Saa tatu! Ulinyanyuka kwenye benchi ukaniacha na mama yako, ukaja kuchungulia kopo. Miaka minne nakupikia, nakufulia, na kila ukitazama hiyo saa yako nakuona unanyanyuka kwenye lile benchi. Na leo mnataka hata jina lake mlivue mumvike mwenzake!"

Mgeni akaanza kulia mgongoni. Mume wangu aliweka kalamu chini. Usoni hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao, kama mtu aliyeambiwa kwamba barua aliyoituma zamani haikufika.

"Nilikuja kumwandika," akasema.

"Kumwandika nani?"

"Vuli. Nilidhani unajua. Imeandikwa."

Akaenda kwenye rafu. Madaftari yamepangwa pale kwa miaka, mgongo kwa mgongo. Akavuta moja, akalifungua bila kutafuta ukurasa, lilifunguka lenyewe. Akaliweka mbele yangu.

Kuna safu ya tarehe, safu ya mvua, safu mbili za joto, na ya mwisho, pana zaidi, imeandikwa juu yake Maelezo. Hapo ndipo wanapoandika kama kulikuwa na radi, ukungu, upepo mkali. Mwandiko ulikuwa wake, ule wa kusimama wima. Tarehe nne: mvua tatu nukta mbili. *Binti yangu wa pili, mtoto wa tatu, amezaliwa jana saa nane mchana. Vuli. Kilo moja na nusu.* Tarehe tano: mvua sifuri. *Vuli amenyonya kidogo.* Tarehe saba: mvua moja nukta nane. *Amefungua macho.* Tarehe tisa: *Jana mchana amenishika kidole.* Hilo mimi sikuwahi kulijua. Nililala mchana ule, yeye alikuwa zamu ya kukaa naye. Tarehe kumi na moja: *Joto lake limeshuka. Wanajaribu.* Tarehe kumi na mbili: mvua sifuri nukta sifuri. *Vuli amefariki leo saa kumi na moja alfajiri.*

Chini yake kulikuwa na maandishi ya wino mwekundu, ya mkaguzi wao anayepita kila robo mwaka: *Safu hii ni ya hali ya hewa. Mambo ya familia yafutwe.*

Na chini ya wino mwekundu, kwa bluu, wima: *Daftari hili halifutwi. Kanuni ya nne.* Halafu sahihi.

Mume wangu hajawahi kubishana hata na kondakta. Akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba radhi.

"Akakufanya nini, huyo mkaguzi?"

"Alinipa barua ya onyo. Ipo hapo ndani."

Nililia. Nililia kwa sauti, nikiwa nimesimama, mtoto mgongoni naye analia, tukawa kwaya. Miaka minne nilikuwa nimeolewa na mtu aliyekwenda kupima mvua siku mwanangu alipokufa. Kumbe alikwenda kumwandika mahali pekee anapopajua ambapo kitu kikishaandikwa hakuna mwenye ubavu wa kukifuta. Nilimpenda. Nilitamani pia kumpiga na lile daftari.

"Kwa nini hukuniambia, wewe mwanamume?"

"Imeandikwa," akasema tena, kwa unyenyekevu kabisa. Kwake yeye kitu kikishaandikwa watu wote wameshaambiwa. Kuna mtu mmoja tu duniani anayeweza kufanya kosa la namna hiyo, na soksi zake nafua mimi.

"Na juzi, sebuleni? Mama yako anagawa jina, wewe unahesabu mawingu!"

"Walikuwa wanacheka. Nikaona hawajawa tayari kuamua." Akalifunga daftari. "Na sikuona kama kuna la kuamua. Vuli yupo. Baada ya vuli huja kiangazi."

Nikamtazama. Alikuwa analisema kama alivyolisema lile la kwanza, na la pili. Hakuwa upande wa mama yake, wala upande wangu. Alikuwa kwenye mstari unaofuata, anatusubiri.

Nami nikaona kitu ambacho mwanangu wa miaka minane alikiona nyuma ya pazia. Mtoto huyu akiitwa Rehema, mwenzake anabaki hakuwahi kuwepo. Akiitwa Vuli, vivyo hivyo. Jina moja tu, lile lililotuchekesha mpaka machozi, ndilo ambalo kila atakayelisikia baada ya Masika na Kipupwe atalazimika kuuliza: katikati palikuwa na nani?

"Ni jina baya, baba Masika," nikamwambia, nikipenga kamasi.

"Gumu," akakubali. "Lakini kiangazi ndipo watu wanapokausha mavuno, wanapoezeka nyumba. Njia zimekauka, ndugu wanatembeleana."

Yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote tangu nimjue, ukiacha yale ya siku ya posa, ambayo alifundishwa na mjomba wake.

Ofisi ya usajili ina benchi moja, dirisha moja lenye nondo, na karani mmoja mwenye muhuri anaoupiga kama anaua nzi. Mama mkwe na wifi walikuwa wameshafika. Wifi alikuwa amepitia nyumbani akachukua blanketi, na sasa alimfunika nalo mtoto bila kuniuliza, jina likitazama watu wote.

Karani akavuta karatasi yetu. "Mtoto wa ngapi?"

"Wa tatu," mama mkwe akasema.

"Wa nne," mume wangu akasema.

Mama mkwe akamgeukia polepole. Nadhani tangu amzae hakuwa amemsikia akimpinga. "Wa tatu, baba."

"Wa nne, mama."

Karani akainua kalamu. "Wa tatu au wa nne? Fomu yangu haina sehemu ya nusu."

Wote wakanitazama mimi. Ikabidi kamati ifike mpaka ofisi ya serikali ndipo ikumbuke kuna mtu alizaa.

"Wa nne," nikasema. "Wa tatu alikuwa anaitwa Vuli. Aliishi siku tisa."

Ilikuwa mara ya kwanza nalitamka jina lile mbele ya watu. Karani akaandika nne. Wifi akalitazama blanketi lake kama vile limeshonwa na mtu mwingine. Mama mkwe alikaa kwenye benchi, taratibu, akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Alikuwa na nywele nyingi," akasema, akitazama sakafu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Laini. Mpaka shingoni. Nilimwambia nesi, huyu mama yake hatapata shida ya mteja."

Sikujua kama alimtazama kiasi hicho. Kumbe naye alikuwa amefunika, na kombe lake lilikuwa zito kuliko langu, maana yeye ndiye aliyesema tufunike.

"Jina la huyu?" karani akauliza.

"Kiangazi," nikasema.

Akainua kichwa aone kama tunamtania. "Kiangazi?"

"Andika. Na kaza kalamu."

Muhuri ukapigwa. Tulipotoka nje wifi akanishika mkono, macho mekundu. "Wifi, nipe hilo blanketi. Nitafumua herufi nishone upya, haitaonekana."

"Usifumue," nikamwambia. "Nishonee jingine. Hili limekuja limechelewa miaka minne, lakini limekuja kwa mwenyewe."

Alinishonea jingine, jeupe, na alilalamika wiki nzima kwamba jina refu linamaliza uzi. La manjano liko kabatini, juu ya mashuka, limekunjwa. Mama mkwe akija huwa anamwita mjukuu wake Kia, halafu anatazama bustani yangu kwa wasiwasi kuona kama imekauka.

Mwezi uliopita alikuja saluni mteja mgeni, amehamia mtaani juzi. Mwenye maneno, kama ninavyowapenda. Kiangazi alikuwa anatambaa chini ya viti, akikusanya nywele na kuzionja.

"Mama, una watoto wangapi?" akaniuliza.

"Wanne."

"Mashallah! Wanaitwa nani?"

"Masika, Kipupwe, Vuli, Kiangazi."

Akacheka mpaka chanuo likaniponyoka. "Umezaa mwaka mzima, mama! Masika nimemwona, kijana nimemwona, na huyu mla nywele ndiye Kiangazi. Huyo Vuli ndiye yupi, mbona simwoni?"

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye, nikamwambia. Nilianza na nywele zake, kwamba zilikuwa nyingi, laini, mpaka shingoni.